Seva ya chumba cha nyuma au wingu? Jibu kwa mwenye zahanati Mwanza

Swali

Shikamoo mtaalamu. Nina zahanati Nyakato na maduka mawili ya dawa, moja Igoma na jingine Buhongwa. Mafaili ya wagonjwa, stoo, mauzo na madai ya bima vyote vimo kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu ya kutunza data, iliyoko zahanati, tuliyoinunua mwaka 2016. Inatumia Windows Server 2012 R2. Kijana wetu wa kompyuta huja tukimwita. Mwezi uliopita seva iligoma kuwaka asubuhi nzima, tukarudi kwenye madaftari. Sasa nina profoma mbili mezani. Ya kwanza ni seva mpya, UPS ya kushikilia umeme ukikatika na faiawoli ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, vyote vifungwe hapa hapa. Ya pili ni kuhamia mfumo wa wingu, yaani data ikae kwenye seva za kampuni nyingine tunazozifikia kwa intaneti, nilipe kila mwezi kwa dola. Muuzaji wa kwanza ananiambia data ya wagonjwa ikishatoka nje ya jengo si yangu tena. Wa pili ananiambia seva ya ofisini ni kukaribisha wezi. Ipi ni salama zaidi?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa ile asubuhi ya madaftari.

Wauzaji wako wote wawili wamesema kweli, kila mmoja ile nusu inayouza bidhaa yake. Nikupe jibu lenyewe kwanza ili usisome ukiwa na wasiwasi: kwa zahanati ya ukubwa wako, isiyo na mtu wa kompyuta wa kila siku, mimi ningehamia wingu. Lakini nisingesaini profoma ya pili jinsi ilivyo, na kabla ya kusaini yoyote ningeziba tundu lililo wazi leo hii hapo Nyakato.

Watu wengi wanaponijia na suala la usalama huuliza data italala wapi. Ni swali la haki, maana tumezoea kulinda tunachokiona: fedha sandukuni, sanduku chumbani, ufunguo mfukoni. Ila mwizi wa data haji mlangoni. Anakaa popote penye intaneti, na ana programu inayojaribu milango ya dunia nzima usiku na mchana, isiyojua wala kujali kama mlango huu uko Nyakato au New York. Kwa hiyo mimi huuliza jambo jingine. Jumapili saa nane usiku, mtu akianza kujaribu nywila moja baada ya nyingine kwenye mfumo wako, nani anaona? Na akishaona, anajua la kufanya? Kwako leo hakuna. Kijana wenu huja akiitwa, na huwezi kumwita kwa jambo ambalo hujui kama limetokea.

Nianze na hiyo seva, maana ndiyo inayonitia hofu. Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa Windows Server 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023. Waliotaka kuendelea kuvipata walilazimika kulipia nyongeza, na sidhani kama mlilipia, kwa kuwa hukuitaja. Kiraka ni marekebisho madogo yanayoziba tundu lililogunduliwa kwenye programu. Siku kinapotolewa, wavamizi nao hukichambua, wakajua tundu lilikuwa wapi, kisha wakaanza kuwatafuta ambao hawajaziba. Maana yake kila tundu lililogunduliwa kwenye mfumo huo tangu siku ile, kwenu bado liko wazi.

Si nadharia hii. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu fulani la Windows. Mei 12 mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipita kwenye tundu hilo hilo ikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliumia vibaya: maelfu ya miadi ya wagonjwa iliahirishwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kiraka kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka.

Miaka minne baadaye likatokea jambo ambalo kwangu ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Machi 2, 2021 Microsoft ilitangaza matundu manne kwenye Exchange, programu yake ya barua pepe ambayo makampuni huiweka kwenye seva zao wenyewe. Wavamizi walikuwa wameshaanza kuyatumia, na ndani ya siku chache seva zilizovamiwa zilihesabika kwa makumi ya maelfu. Wateja wa barua pepe za kampuni hiyo hiyo, lakini wanaozipata kupitia wingu, hawakuguswa na matundu yale. Wenye seva zao walikesha. Wengine hawakujua hadi wiki kadhaa zilipopita. Hapo ndipo nguvu halisi ya wingu ilipo. Uzuri wa jengo na ukubwa wa jina haviingii. Unachonunua ni watu wanaolipwa kukesha, na kazi ya kuweka viraka kwenye mitambo inakutoka mikononi.

Sasa sikiliza upande wa pili kwa makini, maana muuzaji wako wa wingu hatakueleza.

Mwaka 2019 benki ya Marekani, Capital One, iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 106. Data ilikuwa kwenye wingu la Amazon, na hakuna aliyevunja jengo la Amazon. Benki yenyewe ilikosea mpangilio wa faiawoli yake na ikawa imetoa ruhusa pana kupita mahitaji. Mvamizi akapita humo. Mwaka 2024 wateja wa huduma ya wingu iitwayo Snowflake waliibiwa data, zaidi ya makampuni 160 yakaonywa kuwa huenda yameguswa. Wezi waliingia kwa majina na nywila halali zilizokwisha kuibwa, kwenye akaunti ambazo hazikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuthibitisha kwa kitu cha pili baada ya nywila. Mlango ulikuwa wa chuma, ufunguo ukawa mikononi mwa mwizi.

Na hata mwenye wingu mwenyewe huvamiwa. Mwaka 2023 kundi la wavamizi lilipata ufunguo wa siri wa Microsoft wa kutia saini vibali vya kuingilia, likasoma barua pepe za maofisa wa serikali ya Marekani. Aliyeng'amua kwanza alikuwa mteja, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa sababu ilikuwa na desturi ya kukagua kumbukumbu za nani kaingia na lini. Nakusimulia ili usije ukahama ukidhani umehamia mahali pasipo na wezi. Unahamia mahali penye walinzi wengi zaidi, ambapo nawe bado una zamu yako.

Zamu yako ni ipi? Mtoa huduma analinda jengo, umeme, mitambo, na mara nyingi programu yenyewe. Wewe unabaki na watu: nani ana akaunti, anaruhusiwa kuona nini, nywila yake ikoje, na siku anayoacha kazi nani anamfuta. Nimezunguka zahanati nyingi, na karibu kila mahali mapokezi wote wanaingia kwa jina moja na nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Ukihamia wingu na tabia hiyo utakuwa umepunguza usalama. Leo huenda nywila ile inafanya kazi ndani ya zahanati tu; ikiwa kwenye wingu itafanya kazi popote duniani, na nesi aliyeondoka kwa ugomvi mwaka jana ataingia akiwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo kila mtu awe na akaunti yake, na uthibitishaji wa hatua mbili uwe wa lazima kwa wote, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza. Kwa akaunti ya msimamizi mkuu usitumie ujumbe wa simu kama hatua ya pili, maana laini za simu huweza kusajiliwa upya na tapeli kwa jina la mwingine. Tumia programu ya simu inayotoa tarakimu zinazobadilika, au kifaa kidogo cha ufunguo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Na wafundishe watu wako kwa mfano wanaoujua. Hakuna Mtanzania asiyewahi kupokea ule ujumbe wa "hiyo hela tuma kwenye namba hii". Waambie wezi wa nywila hufanya hivyo hivyo: barua pepe inakuja kwa haraka haraka, inajifanya imetoka kwa mtoa huduma, inataka ubonyeze na uandike nywila kabla akaunti haijafungwa. Wakilifananisha hivyo wanalielewa siku hiyo hiyo.

Nije kwenye jambo ambalo ningekuomba ulisome mara mbili, kwa sababu hakuna profoma kati ya hizo mbili iliyolitaja katika maelezo yako: nakala ya akiba, ambayo mafundi wanaiita bakapu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya kuondosha mizigo bandarini, Dar es Salaam. Mhasibu wao alikuwa anafanya kazi akiwa nyumbani, kwa hiyo fundi alifungua njia ya kuingilia seva kutoka nje, moja kwa moja kwenye intaneti, na nywila nyepesi. Asubuhi walikuta kila faili limefungwa na barua ya kudai fidia. Mkurugenzi alikuwa ametulia kabisa. Akaniambia bakapu ipo, inafanyika kila usiku. Ilikuwepo kweli, kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo tangu siku iliponunuliwa. Programu ile iliifunga nayo, kama ilivyofunga mengine yote. Nilimtazama yule mzee akielewa taratibu, na mpaka leo nikiingia ofisi ya mtu jambo la kwanza macho yangu yanatafuta ile diski.

Kampuni kubwa kuliko zote haziko salama na kosa hilo. Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ile yenye makontena unayoyaona kila bandari, ilipigwa na programu hasidi ya NotPetya iliyosambaa kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Seva zao zinazotunza orodha ya nani ni nani na anaruhusiwa wapi zilikuwa takriban 150 duniani kote, kila moja ikiwa nakala ya nyingine. Walidhani huo ndio ulinzi: moja ikifa, zingine zipo. Kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilifutwa pamoja. Ilibaki moja tu, Ghana, na ilibaki kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale shambulio lilipopita, kwa hiyo haikuwa kwenye mtandao. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi asafiri hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Kutokana na diski hiyo moja ndipo kampuni ilipoanza kujijenga upya, ikiwa imepoteza kiasi cha dola milioni 250 hadi 300.

Nakala iliyoungana na mfumo itakufa na mfumo. Kanuni ya mafundi ni ya zamani na haijapata mbadala: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Mimi huongeza kwamba walau moja iwe haiwezi kufutwa na yeyote mwenye nywila ya kila siku, ama kwa sababu imechomolewa na kufungiwa kabatini, ama kwa sababu huduma inayoihifadhi imeifunga isibadilike kwa idadi fulani ya siku.

Wala usiache jambo hili kwa sababu uko wingu. Wingu ni seva za mtu mwingine ndani ya jengo la mtu mwingine, na jengo huungua. Machi 10, 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea. Wateja waliodhani kuwa kwenye wingu ni sawa na kuwa na bakapu walipoteza data moja kwa moja. Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulifutiwa mazingira yake kwenye Google Cloud kwa kosa la mpangilio upande wa Google. Kilichousaidia kuokoka ni pamoja na nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Wewe huna haja ya ukubwa huo. Lakini kila usiku, nakala ya data yako, ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa isisomeke, kwa ufunguo ulio nao wewe, ishuke kutoka kwenye wingu na kukaa mahali ambapo mtoa huduma huyo hana mkono. Na mara moja kila baada ya miezi mitatu mwambie kijana wako airudishe kwenye kompyuta tupu mbele yako, ufungue faili la mgonjwa ulisome. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Usiri umeshachukua nafasi kubwa, ila kwa zahanati usalama ni pamoja na huduma kupatikana. Mgonjwa mwenye mzio wa dawa fulani hawezi kusubiri intaneti irudi ndipo mganga aone faili lake. Na intaneti yetu unaijua. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine wakawa wanasubiri ukurasa kufunguka. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Biashara ambazo kila kitu chao kiko nje, bila njia ya kufanya kazi ndani, zilisimama.

Hapa muuzaji wako wa kwanza ana hoja nzito, na ndiyo sababu sikubali profoma ya pili jinsi ilivyo. Mfumo utakaouchukua lazima uweze kufanya kazi mtandao ukikatika: kusajili mgonjwa, kusoma faili lake la karibuni, kuandika dawa, kutoa dawa stoo, kisha kupeleka yote juu intaneti ikirudi. Inatosha kompyuta moja ndogo hapo zahanati inayotunza nakala ya kazi za karibuni, na diski yake ikiwa imesimbwa, ili hata ikiibwa mwizi apate chuma tu. Usikubali maneno. Muuzaji akija kuonyesha mfumo, mwache nesi aanze kusajili mgonjwa, kisha inuka uchomoe waya wa intaneti mwenyewe. Kama mfumo unasimama, hiyo profoma haikufai, hata iwe rahisi namna gani. Pia weka njia mbili za intaneti kutoka kampuni mbili tofauti, moja ya nyaya na moja ya ruta ya laini ya simu. Haitakusaidia siku mtandao ukizimwa nchi nzima, lakini siku nyingi za mwaka kinachokatika ni njia moja tu.

Kuhusu umeme nitasema machache kwa kuwa umeshayaonja. Seva ya ndani inataka umeme safi, chumba chenye ubaridi, mlango wenye kufuli na mtu wa kusikia inapopiga kelele. Betri za UPS kwenye joto hufa baada ya miaka michache, na kwa kawaida unagundua siku umeme unapokatika. Muulize muuzaji wa kwanza nani atazibadilisha, faiawoli inalipiwa leseni ya kila mwaka au la, na hiyo seva mpya ikiungua ubao, ya pili iko wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo bei halisi ya profoma yake. Ile namba ya chini ya karatasi ni ya siku ya kwanza tu.

Na hiyo ya dola? Kama muuzaji ni kampuni ya hapa nchini, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani. Mwambie akuandikie shilingi. Hilo linakulinda na kupanda kwa dola, na namna atakavyolijibu itakuonyesha pia anaheshimu sheria kiasi gani. Mtu anayepuuza kanuni ya bei atapuuza na ya wagonjwa wako.

Maana sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Wewe ndiye mkusanyaji. Mwenye wingu ni mchakataji tu, anayefanya kazi kwa niaba yako. Hapo ndipo kauli ya muuzaji wa kwanza, kwamba data ikitoka si yako tena, inapokosea: wajibu hautoki nawe hata data ikiwa Cape Town. Unatakiwa uwe umesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama hujajisajili, lifanye bila kungoja uamuzi wa seva. Kisha uliza data itakaa nchi gani. Amazon na Microsoft wana vituo Afrika Kusini, Google naye alifungua chake Johannesburg mwaka 2024, na watoa huduma wengi wa hapa hukodi huko au Ulaya, wengine wana vituo Dar es Salaam. Sheria ina sehemu nzima kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Ikiwa jibu ni nje, nenda Tume uulize utaratibu kabla hujasaini. Ukipata mtoa huduma mzuri mwenye kituo ndani ya nchi, umejipunguzia kazi, na hata mikongo ya baharini ikikatika bado una nafasi ya kumfikia.

Kwenye mkataba tafuta mambo machache ambayo wauzaji huyaruka. Akivamiwa atakuambia ndani ya saa ngapi, kwa maandishi? Kumbukumbu za walioingia unaweza kuziona mwenyewe? Ile Wizara ya Marekani iliokolewa na kumbukumbu hizo. Ukitaka kuondoka, utapewa data yako yote kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, kwa gharama gani, na yeye atafuta nakala zake lini? Nimeona watu wamekaa na huduma mbovu miaka mitatu kwa kuwa kutoka kuligharimu kuliko kubaki. Muulize akiwa bado anakutaka.

Je, kuna wakati ningekuambia ubaki na seva yako? Ndiyo. Ungekuwa hospitali yenye mashine za CT za kupiga picha za ndani ya mwili, zinazotoa picha nzito kila saa, una jenereta, na una mafundi watatu wa kuajiriwa wanaopokezana zamu, ningesema picha zikae ndani na kazi nyingine uzigawe. Wewe una kijana mmoja anayekuja akiitwa. Ukichukua profoma ya kwanza, seva mpya itakuwa salama siku inafungwa, na baada ya mwaka mmoja bila viraka itakuwa imeanza safari ya hii ya zamani.

Basi wiki hii, kabla ya yote: mwite kijana, mwambie aangalie kama kuna njia yoyote ya kuingilia seva moja kwa moja kutoka intaneti, aifunge. Maduka ya Igoma na Buhongwa yanaingia kwa njia gani? Kama ni hiyo hiyo, awawekee njia ya siri iliyosimbwa, yenye nywila tofauti kwa kila mtu na hatua mbili. Achukue nakala kamili leo kwenye diski mbili mpya. Moja ifungiwe kabatini kwako nyumbani, nyingine benki au kwa mtu unayemwamini. Futa akaunti za wote walioondoka. Haya hayahitaji profoma, na yanakupa muda wa kuchagua bila kukimbizwa.

Ukishahama, endesha mifumo yote miwili kwa mwezi mmoja, ulinganishe hesabu za stoo na za mauzo kila jioni, ndipo uzime ya zamani. Na ile seva ikishazimwa usiiuze wala kumpa mtu ikiwa na diski zake. Kubonyeza kitufe cha kufuta hakufuti. Fundi mwenye programu ya bure atayarudisha majina ya wagonjwa wako na majibu ya vipimo vyao ndani ya saa chache. Zitoe diski, zitobolewe kwa drili mbele yako, kila sahani ya ndani, kisha uandike tarehe na namba ya kila diski kwenye daftari. Tume ikikuuliza siku moja zilikwenda wapi, utakuwa na la kuonyesha.